Rejista ikijibu 0xffffffff, uliza kwanza nani amejibu

"Kijana wangu, leo stima ipo. Nimechomoa chaja tu niisogeze laptopu karibu na mlango, na ile hesabu yako bado inasema hewani hakuna mtu."

Aliyenipigia ni mama mwenye saiba mtaani Umoja. Nilikuwa nimemwekea laptopu tatu za mtumba zenye kadi za Wi-Fi za Atheros, zote zikitumia draiva (programu inayoiendesha kadi) ya ath9k kwenye Linux. Ndani ya draiva hiyo nilipachika kipande changu kidogo cha msimbo: kila sekunde kinasoma rejista (visanduku vya namba ndani ya chipu) zinazohesabu muda ambao chaneli imeshikwa, kisha kinatoa asilimia. Wiki nzima mama alikuwa akiniambia kwamba stima ikipotea, asilimia inashuka hadi sifuri. Nami nilimjibu kwa kujiamini: "Ndiyo mama, ruta za majirani zimezimika, yako ina betri yake. Lazima hewa iwe tupu."

Maelezo mazuri, yanaingia akilini, na hayakuwa na ukweli hata kidogo. Ruta yake mwenyewe ilikuwa inajitangaza hewani kila baada ya milisekunde 102.4, na tangazo hilo peke yake hula muda wa chaneli. Sifuri kamili isingewezekana hata mtaa mzima ungehama.

Kosa lilikuwa langu, na nitalifikia. Nimelitanguliza kwa sababu matatizo mengi ya kusoma rejista huja na sura hiyohiyo: namba inarudi, hakuna kinachopiga kelele, nawe unaanza kuitafutia maana. Ndiyo maana hapa chini sipangi matatizo kwa jina la draiva wala la mtengenezaji wa chipu. Nayapanga kwa kile ulichojibiwa, kwani jibu lenyewe mara nyingi humtaja aliyelitoa: chipu, njia iliyo katikati, au bafa yako mwenyewe (sehemu ya kumbukumbu uliyoitenga ipokee jibu) ambayo hakuna aliyeijaza.

Sharti ni moja. Chapisha thamani nzima kwa heksa (namba za msingi wa 16), biti zote 32, pamoja na ofseti yake (umbali wake kutoka mwanzo wa eneo la rejista). Ukiniletea "rejista imefeli kusomeka" nitakurudisha. Ukiniletea "0x4020 imesoma 0xffffffff baada ya kufunga na kufungua kifuniko", nusu ya kazi umeshaifanya.

Dalili: kila unachosoma ni 0xffffffff

Hili ndilo linaloletwa zaidi, na karibu kila anayelileta anadhani chipu imeharibika. Chipu haikusema neno. Prosesa inaposoma anwani iliyo kwenye kadi ya PCIe (njia inayounganisha kadi na bodi kuu), ombi hutoka hadi kwenye kadi na jibu hurudi kwa njia hiyohiyo. Kadi isipojibu kwa muda uliowekwa, au ikikataa ombi, upande wa bodi kuu kwenye kompyuta za kawaida hujaza 1 katika biti zote, ambazo kwa heksa ni f tupu, na kumkabidhi prosesa. Umebisha hodi, ukajibiwa na soja wa geti.

Kazi yako ni kujua kwa nini mwenye nyumba hakutoka. Anza hivi, kwa mpangilio huuhuu:

```
cat /sys/bus/pci/devices/0000:02:00.0/power/runtime_status
lspci -s 02:00.0 -vv
setpci -s 02:00.0 COMMAND
```

Mpangilio una sababu. `lspci` inaposoma eneo la usanidi (rejista za utambulisho na mipangilio ya kadi), kerneli, yaani kiini cha Linux, inaweza kuiamsha kadi iliyokuwa imekatiwa umeme kabisa. Ukiuliza hali yake baadaye utaambiwa `active`, nawe utamwachilia mwizi uliyekuwa umemshika.

Kama `lspci` inaonyesha `rev ff` na malalamiko ya `Unknown header type 7f`, basi hata eneo la usanidi limejaa f. Kadi haipo njiani kabisa: imekatiwa umeme, imeganda, au imelegea kwenye soketi. Kwa laptopu za mtumba, usidharau hili la mwisho. Nyingi ninazonunua Luthuli Avenue zimeshafunguliwa mara kadhaa kabla ya kunifikia, na vumbi la Nairobi halingoji mwaliko. Zima, toa betri, chomoa kadi, pangusa meno yake kwa spiriti, irudishe, na uangalie kwamba nyaya za antena hazijabanwa na kifuniko. Nimewahi kukesha nikisoma msimbo wa draiva kwa sababu ya skrubu moja iliyokosekana, kadi ikawa imeinama kwa upana wa ukucha.

Ikiwa imekaa vizuri, jaribu kuiondoa na kuitafuta upya bila kuzima kompyuta:

```
echo 1 > /sys/bus/pci/devices/0000:02:00.0/remove
echo 1 > /sys/bus/pci/rescan
```

Ikirudi, ilikuwa imeganda au imelala, na sasa unatafuta kilichoigandisha. Isiporudi mpaka uzime kompyuta na kuiondolea umeme wote, tafuta kwenye mambo ya umeme wa soketi na programu ya ndani ya chipu. Draiva yako ina uwezo mdogo hapo.

Hali ya pili ni ile inayochanganya watu: `lspci` inakupa namba sahihi ya kadi, kwa mfano 168c:002b, lakini rejista zote zinasoma f. Maana yake eneo la usanidi linajibu na eneo la kumbukumbu halijibu. Tazama thamani ya COMMAND. Biti yenye thamani 0x2 ndiyo inayoruhusu kadi kuitikia anwani za kumbukumbu, na yenye 0x4 ndiyo inayoiruhusu kuandika yenyewe kwenye RAM. Ukiona 0000, ama draiva haikuita `pci_enable_device()`, ama kompyuta ililala na ilipoamka hakuna aliyeurudisha usanidi. Ukiona 0x2 ipo lakini 0x4 haipo, rejista zitasomeka vizuri kabisa ila hakuna pakiti itakayoingia wala kutoka. Huo ni ugonjwa mwingine, ingawa wagonjwa wake huja kwenye foleni hii.

Biti ya 0x2 ikiwepo, tafuta kwenye matokeo ya `lspci` mstari wa `Power Management` unaotaja hali ya sasa. D0 ni macho. D3 ni usingizi ambamo kadi bado hujibu maswali ya usanidi lakini rejista zake za kumbukumbu hazifikiki. Ikiwa ni D0 na biti zote zipo, sasa ndiyo ujishuku mwenyewe: umechukua BAR (anwani ya kuanzia ya eneo la kumbukumbu la kadi) isiyo yake, au ofseti imezidi ukubwa wa eneo. Chapisha mipaka ya BAR kwa `%pR` ndani ya `printk` (amri ya kerneli ya kuchapisha ujumbe) uone kwa macho.

Kisha kuna f zinazokuja na kuondoka. Kadi inafanya kazi dakika kadhaa, inatulia, na usomaji wa kwanza baada ya utulivu huo unarudi f. Hapa hushukiwa ASPM, utaratibu wa njia ya PCIe kujipumzisha yenyewe kwa viwango vya usingizi vya L0s au L1. Karibu kila ushauri utakaokutana nao unasema uongeze `pcie_aspm=off` wakati wa kuwasha. Fahamu inachofanya: inaiambia kerneli isiguse usanidi wa ASPM. Kama BIOS ilikwishaiwasha L1, itabaki imewaka, nawe utaapa kwamba ASPM haihusiki. Ili kuizima kweli kwa majaribio:

```
echo performance > /sys/module/pcie_aspm/parameters/policy
lspci -s 02:00.0 -vv | grep LnkCtl
```

Mstari wa pili ndio ushahidi. Usipoona `ASPM Disabled`, hujajaribu kitu bado. Tatizo likiisha hapo, tiba ya kudumu ni kumzuilia L1 kadi huyo peke yake kwa `pci_disable_link_state()` ndani ya draiva, badala ya kuinyima laptopu nzima usingizi na kumaliza betri ya mwenyewe.

Kabla sijaiacha f, kuna mtego ambao nauona hata katika msimbo wa watu wazoefu:

```
while (!(readl(base + REG_HALI) & TAYARI))
        udelay(10);
```

Kadi ikiwa haipo, `readl` (amri ya kusoma rejista ya biti 32) inarudisha 0xffffffff, na ndani ya namba hiyo biti ya TAYARI imewaka, pamoja na zote nyingine. Mzunguko unatoka mara moja ukishangilia. Draiva inaendelea kuandika usanidi hewani, na kosa linajitokeza mistari 200 baadaye mahali pasipohusika. Geuza sharti, ungoje biti *izimike*, na kitu hicho hicho kinakugandishia prosesa mpaka kerneli ilalamike kuhusu `soft lockup`. Tumia `readl_poll_timeout()` iliyo katika `linux/iopoll.h`, yenye kikomo cha muda, na kabla ya kuamini biti yoyote uliza kama thamani nzima ni f. Draiva ya iwlwifi, ya kadi za Intel, hufanya hivyo katika kushughulikia katizo (interrupt, ishara ya chipu kuomba kuhudumiwa): ikisoma f tupu, au namba inayoanza na a5a5a5a, huandika `HARDWARE GONE??` na kuacha. Alama mbili za kuuliza si zangu, ni zao.

Dalili: 0xdeadbeef, 0x5a5a5a5a na jamaa zake

Huyu si soja. Chipu ipo, njia inafanya kazi, ila sehemu uliyoiuliza imelala, na waliobuni chipu wakaweka namba ya mzaha badala ya jibu. Kwenye Atheros za ath9k ni 0xdeadbeef, Kiingereza cha nyama ya ng'ombe aliyekufa. Draiva yenyewe huitumia kama kipimo: katika kukagua kama chipu iko hai, inasoma rejista ya AR_CFG na ikikuta 0xdeadbeef inahesabu kwamba haiko. Kwenye Intel, ukisoma bila kwanza kuomba ruhusa kwa `iwl_trans_grab_nic_access()`, utakutana na namba za aina ya 5a5a5a5a, na ombi lenyewe likishindwa utaona `Timeout waiting for hardware access` ikifuatwa na thamani ya rejista ya CSR_GP_CNTRL. Isome thamani hiyo. Ikiwa ni f, rudi kwenye sehemu iliyopita.

Na hapa ndipo ninapoungama. ath9k kwa kawaida huja ikiwa imezima usingizi wa Wi-Fi. Mimi niliuwasha kwa `ps_enable=1`, nikitaka laptopu za saiba zivumilie stima ikipotea. Nikaweka na TLP, programu ya kubana matumizi ya betri, ambayo huwasha usingizi huo laptopu ikiwa kwenye betri na kuuzima ikiwa kwenye chaja. Chaja ikiwa imechomekwa, chipu ilikuwa macho muda wote na msimbo wangu ulisoma namba halisi. Chaja ikitoka, chipu ikaanza kusinzia kati ya tangazo moja la ruta na lingine, na msimbo wangu, ambao haukuwahi kuita `ath9k_ps_wakeup()`, ukaendelea kusoma rejista 0x80f8 na jirani zake kana kwamba hakuna kilichobadilika.

Sasa fuata hesabu. Usomaji wa sekunde ya kwanza: 0xdeadbeef. Wa sekunde ya pili: 0xdeadbeef. Tofauti yake: sifuri. Nilikuwa nimeweka kinga ya kutogawanya kwa sifuri, hivyo muda mzima ukiwa sifuri nirudishe sifuri. Kinga hiyo ndiyo iliyoificha aibu yangu. Mara chache chipu ilikutwa macho, tofauti kati ya namba halisi na 0xdeadbeef ikatoa asilimia iliyopita 100. Nikaichuja nikiiita kelele. Yaani ushahidi pekee wa ukweli niliutupa mimi mwenyewe.

Ukiwa na dalili kama hii, jaribio la haraka ni:

```
iw dev wlan0 get power_save
iw dev wlan0 set power_save off
```

Namba zikipona papo hapo, tatizo ni usingizi. Tiba ni kuuzungushia kila usomaji amri mbili, `ath9k_ps_wakeup(sc)` kabla na `ath9k_ps_restore(sc)` baada. Usisahau ya pili, la sivyo chipu haitalala tena na utauziwa lawama ya betri. Ukipata `Failed to wakeup in 500us` kwenye `dmesg` (orodha ya ujumbe wa kerneli), chipu imeambiwa iamke ikagoma, na hapo rudi kwenye umeme, soketi na ASPM.

Dalili: umeandika, ukisoma unakuta thamani ya zamani

Sababu ni nyingi na nitazipitia kwa mwendo tofauti. Ya kwanza si kosa: rejista nyingine hazisomeki kama zilivyoandikwa. Kuna zinazofutwa kwa kusomwa. Kwenye ath9k, rejista ya makatizo iliyo 0x80 husomwa bila madhara, lakini ile ya 0xc0 hutoa habari zilezile na kuzifuta papo hapo. Mtu akitembeza programu ya kumwaga rejista zote kuanzia 0 kwenda juu, atalila katizo ambalo draiva ilikuwa inalingoja, kisha atarudi akisema pakiti zinapotea "bila sababu". Kuna pia zinazofutwa kwa kuandikiwa 1. Ukizitendea kwa mazoea ya soma, ongeza biti yako, andika, utakuwa umefuta kila katizo lililokuwa linasubiri zamu.

Ya pili ni maandishi yaliyo safarini. `writel` (amri ya kuandika rejista) kwenye PCIe haingoji kupokelewa. Prosesa inakabidhi na kuendelea na shughuli zake. Tazama:

```
writel(RISETI_WASHA, base + REG_RISETI);
udelay(10);
writel(RISETI_ZIMA, base + REG_RISETI);
```

Mikrosekunde 10 zimehesabiwa upande wa prosesa. Upande wa chipu, maandishi mawili yanaweza kufika yakiwa yamefuatana kama matatu mbili za ruti moja, na riseti isichukue muda uliokusudia. Weka `readl` baada ya andiko la kwanza, kwa kuwa usomaji husukuma mbele kila kilichoandikwa kabla yake. Ila chagua rejista ya kusoma iliyo nje ya sehemu unayoiriseti. Vinginevyo utaoga f za kujitakia.

Ya tatu inatafuna usiku wa watu: rejista za kufikiwa kwa dirisha. Kwenye Broadcom za draiva ya b43, kumbukumbu ya ndani ya chipu hufikiwa kwa kuandika anwani kwenye 0x160 kisha kusoma data kwenye 0x164. Ni hatua mbili, mlango mmoja. Wewe ukiandika anwani yako, kabla hujasoma akaja mwingine akaandika yake, utasoma data yake ukidhani ni yako, na namba yenyewe itaonekana ya heshima kabisa, si f wala nyama ya ng'ombe aliyekufa. Dalili yake ni namba sahihi ya rejista *nyingine*. Ukiitambua namba hiyo mahali pengine kwenye orodha yako, acha kutafuta umeme, tafuta kufuli (lock, kinga ya kuingia mmoja mmoja). Hatua zote mbili lazima ziwe ndani ya kufuli moja, na kila mfikiaji wa dirisha hilo alishike, pamoja na ile faili yako ya debugfs (ya kuchungulia draiva) uliyoongeza jana.

Nyingine fupi: sehemu ya chipu haijapewa mapigo ya saa au bado iko kwenye riseti. Au umetumia `writeb` kwa rejista inayokubali biti 32 tu.

Dalili: adapta ya USB inarudisha namba hasi, au takataka

Kwenye USB hakuna kumbukumbu ya kusoma moja kwa moja. Kila rejista ni barua: draiva hutuma ombi kwa `usb_control_msg()` na kungoja. Kwa hiyo kwanza soma kosa: -110 ni muda umeisha, -71 ni mawasiliano yameharibika njiani, -32 adapta imelikataa ombi, -19 adapta imeondoka. Mfululizo wa -71 na -110 kwenye adapta iliyochomekwa kwa kebo ndefu au kigawanyio kisicho na umeme wake, mimi huwa sifungui msimbo kabla ya kuichomeka moja kwa moja kwenye kompyuta.

Na kabla ya hilo, jua umenunua nini. Boksi mbili zinazofanana zinaweza kuwa na chipu mbili tofauti. Amini `lsusb`: 0bda ni Realtek, 148f ni Ralink, 0cf3 ni Atheros. Ukiona 0bda:1a2b, hiyo bado haijawa Wi-Fi. Imejitambulisha kama diski ya CD yenye draiva za Windows, na hakuna rejista itakayokujibu mpaka `usb_modeswitch` iigeuze.

Takataka, yaani namba zinazobadilika kila ukiwasha, mara nyingi ni bafa ambayo haikujazwa. Ombi limerudisha baiti 2, wewe ulitaka 4, na hukuangalia. Au bafa imewekwa kwenye staki (kumbukumbu ya muda ya kazi inayoendeshwa): tangu kerneli ya 4.9, staki za x86 zinaweza kuwekwa mahali pasipofaa kwa DMA (kifaa kufikia RAM chenyewe), na msimbo wa zamani uliokuwa "unafanya kazi" ukaanza kulalamika. Tumia `kmalloc` kuitenga bafa, au `usb_control_msg_recv()` iliyokuja na 5.10, ambayo hukunakilia bafa yenyewe na huhesabu jibu pungufu kuwa kosa.

Ukipata `scheduling while atomic`, umesoma rejista ya USB ukiwa umeshika spinlock (kufuli lisiloruhusu kungoja kwa kulala) au ukiwa ndani ya katizo. Barua haingojwi mlangoni. Hamishia kazi hiyo kwenye workqueue (foleni ya kazi za baadaye). Ukihitaji kuona barua zenyewe, washa `usbmon` na uzifungue kwa Wireshark.

Dalili: namba ni sahihi, ila imegeuzwa

Ulitarajia 0x002b168c ukapata 0x8c162b00. Hii hutokea kwenye ruta zenye prosesa za MIPS zinazotanguliza baiti kubwa (big-endian). `readl` tayari hugeuza. Ukiongeza `le32_to_cpu` juu yake umegeuza mara mbili, na kwenye laptopu yako ya x86 hutaona kitu. Endesha `make C=2` ukiwa na sparse (chombo cha kukagua msimbo), itakuonyesha mstari.

Dalili: yote ni sawa mpaka kompyuta ilale

Kama mstari wa katizo unashirikiwa na kifaa kingine (tazama `/proc/interrupts`), kifaa hicho kikiita, kazi yako ya katizo nayo itaitwa hata kama kadi yako iko D3. Itasoma f, itaona kila katizo limewaka, likiwemo la hitilafu kuu, na itaanza kuriseti chipu iliyolala. Ukisoma f tupu, rudisha `IRQ_NONE`, yaani katizo si langu. Usingoje bahati ikuonyeshe: jenga kerneli yenye `CONFIG_DEBUG_SHIRQ`, nayo itakuita kwa katizo la uongo unapojiondoa.

Kuhusu vyombo vya kufuatilia: mmiotrace kwenye x86 hurekodi kila usomaji na uandishi, mradi uiwashe kabla ya kupakia draiva. Ni nzuri kwa kulinganisha draiva inayofanya kazi na isiyofanya. Lakini huzima prosesa zote isipokuwa moja, kwa hiyo tatizo la kufuli litatoweka mbele ya macho yako. `printk` nayo huchelewesha kiasi cha kuponya, kwa kitambo tu, matatizo yanayotokana na kasi. Tatizo likipona kwa sababu uliongeza mstari wa kuchapisha, hilo lenyewe ni jibu: rudi kwenye maandishi yaliyo safarini.

Nilipofika Umoja Jumamosi hiyo niliongeza amri mbili za kuamsha chipu, na sifuri zikaondoka. Lakini asilimia bado zilikuwa zinarukaruka, nikasoma tena draiva kwa utulivu. ath9k inapoiamsha chipu huwa inazifuta hesabu hizo, kwa sababu zilizokusanywa usingizini hazina maana, kwa hiyo kulinganisha namba ya kabla ya usingizi na ya baada hakukuwa na mantiki tangu mwanzo. Zaidi ya hayo, draiva yenyewe tayari huweka jumla hizo vizuri, ikihesabu muda wa kuwa macho tu, na kuzitoa kwa `iw dev wlan0 survey dump`. Nikafuta msimbo wangu wote.

Stima ilipopotea kweli wiki iliyofuata, mama alipiga simu kunijulisha kwamba asilimia imeshuka, lakini haikufika sifuri. Nilikuwa na maelezo tayari mdomoni. Nikamwomba anisomee mistari miwili, muda wa kuwa macho na muda wa kushikwa kwa chaneli, namba zote kama zilivyo.